Maji Yanayopotea: Juu ya Hesabu za Kutabiri, na Kisa cha Mto wa Ruaha Mkuu

Lugha yetu haina upungufu wa maneno ya kutazamia mambo yajayo. Mnajimu hutazama nyota, mpiga ramli hupiga bao lake, nahodha hukisia upepo, na mwenye duka hukadiria faida. Walakini iko namna moja ya kutazamia ambayo katika karne iliyopita imeenea duniani kote, nayo kwetu haijapata bado jina lililokubaliwa na watu wote. Mtu ana mtambo ufanyao kazi. Anataka kuukuza, ama kwa kuuongezea nguvu, ama kwa kuondoa kiungo kimoja na kutia kingine kilicho bora. Kabla hajatoa fedha zake, angependa kujua mtambo huo utafanya kazi kwa kadiri gani baada ya kukuzwa. Hawezi kuujaribu kwanza, maana kuujaribu ndiko kuununua. Basi huchukua karatasi akaandika hesabu zinazoufananisha mtambo wake, kisha hubadili tarakimu moja au mbili katika hesabu hizo, akatazama jibu litakuwa nini. Hesabu za namna hiyo wataalamu wa kompyuta wa siku hizi huziita modeli, na wengine husema kielelezo. Mimi nitasema kielelezo, kwa kuwa neno hilo lina kitenzi chake ndani yake, na msomaji aweza kuuliza: chaeleza nini, na chaacha kueleza nini?

Kielelezo ninachotaka kukizungumzia kilitumiwa katika Nyanda za Juu za Kusini, hasa katika nchi ya Usangu mkoani Mbeya, na juu ya mto utokao huko na kupita katika mkoa wa Iringa. Mtambo uliokusudiwa kukuzwa haukuwa kompyuta, bali ulikuwa mifereji ya mpunga. Lakini swali lilikuwa lile lile, na kosa lilikuwa la aina ile ile ambayo wenye kompyuta walikwisha jifunza kuiepuka miaka thelathini kabla. Huenda msomaji akauliza mwalimu wa isimu ametafuta nini katika mambo ya maji na mitambo. Jibu langu ni kwamba hesabu ile nzima ilisimama juu ya neno moja, na neno hilo mimi mwenyewe nilipata kuliandika kwa Kiswahili.

Yafaa kwanza tueleze asili ya elimu hii. Mwanzo wake haukuwa katika kompyuta, maana kompyuta hazikuwako. Mwaka wa 1909 A. K. Erlang, mtu wa Denmark aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alitoa maandishi yake ya kwanza juu ya simu zinavyoingia kituoni bila mpango, na mwaka wa 1917 akatoa kanuni za kuonyesha ni watu wangapi watakaokosa nafasi ikiwa nyuzi ni kadha wa kadha. Kwa mara ya kwanza kampuni iliweza kujua, kabla ya kununua nyuzi mpya, kuziongeza kungepunguza usumbufu kwa kiasi gani. Mwaka wa 1961 John Little wa Marekani alithibitisha kanuni nyingine, fupi mno hata mtoto wa shule aweza kuishika: idadi ya watu waliomo katika foleni ni sawa na idadi ya wanaoingia kwa kila dakika, mara dakika anazokaa kila mmoja. Wakiingia wawili kwa dakika, na kila mtu akakaa dakika kumi, basi waliomo ni ishirini, ikiwa pahali penyewe ni banki, zahanati au kituo cha basi.

Kompyuta zilipokuja, na watu wengi wakaanza kuitumia mashini moja kwa wakati mmoja, hesabu hizo zilipata kazi mpya. Mwaka wa 1965 Allan Scherr, katika tasnifu yake ya chuo cha MIT, alipima mashini iliyotumiwa na watu wengi kwa zamu, kisha akaonyesha kwamba kielelezo chepesi, ambacho awali kilitungwa kwa ajili ya mafundi wa kutengeneza mashini za kiwanda, kilitabiri muda wa kungoja kwa usahihi wa kushangaza. Mwaka wa 1971 Jeffrey Buzen wa Chuo Kikuu cha Harvard aliendelea mbele zaidi. Kielelezo chake hakikuiona kompyuta kama mlango mmoja wenye foleni moja. Alisema kazi moja huanza kwenye prosesa, huenda kwenye diski, hurudi kwenye prosesa, huenda tena kwenye diski nyingine, huzunguka hivyo mara nyingi ndipo imalizike. Kinachotoka pahali pamoja hakikomi. Kinaingia pahali pengine.

Tutoe mfano mdogo. Tuseme kila kazi yahitaji jumla ya sekunde 1 ya prosesa na sekunde 2 za diski. Kazi zikiwa nyingi, diski haitapumzika, na mtambo mzima hauwezi kumaliza zaidi ya kazi 30 kwa dakika. Sasa mwenye mtambo anunua prosesa iliyo kasi maradufu. Sekunde 1 ya prosesa yawa nusu sekunde. Diski yabaki na zile mbili zake. Je, atamaliza kazi ngapi kwa dakika? Ni 30 zile zile. Fedha zimekwenda, na foleni imehama tu kutoka mbele ya prosesa ikasimama yote mbele ya diski. Lau angeiacha prosesa ya zamani akanunua diski iliyo kasi maradufu, angefika kazi 60. Kiungo hicho kinachozuia vingine naomba tukiite mkwamo, nasi tutaona kwamba mkwamo haukai pahali pamoja: ukiuondoa hapa, huibuka pale.

Wasafiri wa Mbeya hawahitaji kompyuta ili kulifahamu jambo hili. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa kwa serikali mbili mwaka wa 1976, ilikusudiwa kuchukua tani milioni 2 kwa mwaka, na kadiri hiyo haijapata kufikiwa hata mwaka mmoja. Mtu awezaye kutandika reli tambarare kutoka Dar es Salaam hadi Mlimba hajajibu bado swali la mlima utokao Mlimba kwenda Makambako, ambapo kichwa cha treni kilichovuta mzigo wake bila taabu huanza kutweta. Uwezo wa njia nzima ni uwezo wa kile kipande.

Katika nchi yetu kompyuta ya kwanza iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka wa 1965, yaani mwaka ule ule wa tasnifu ya Scherr. Mwaka wa 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingizwa kwa kompyuta nchini. Sababu moja iliyotajwa sana ni kwamba fedha nyingi zilitumika na kazi iliyotazamiwa haikuonekana. Aghalabu kisa hiki husimuliwa kwa kicheko, kama kwamba watu wa wakati ule waliogopa maendeleo. Kwa maoni yangu hapana cha kuchekesha. Nchi maskini iliyonunua mtambo kwa kuamini ahadi ya muuzaji, kisha ikaona ahadi haikutimia, ilikuwa na haki ya kufunga mlango mpaka ipate hesabu zake yenyewe.

Sasa natuje kwenye mto. Maji ya Ruaha Mkuu huanza katika milima ya Uporoto na Kipengere, yakashuka kwa mito mingi, nayo ni Mbarali, Kimani, Chimala na mingineyo, mpaka bonde pana la Usangu. Huko chini iko ardhi ya majimaji iitwayo Ihefu, nayo hutunza maji ya masika na kuyatoa polepole penye mwamba wa Ng'iriama. Kutoka hapo mto hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ukafika bwawa la Mtera, ambako Ruaha Mdogo utokao Iringa na Kisigo utokao upande mwingine huleta maji yao pia. Chini ya Mtera mto huteremka mpaka Kidatu, na hatimaye maji yake huingia Rufiji.

Mto huu ulikwisha tazamwa kwa jicho la hesabu kabla ya Uhuru. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilifanya uchunguzi wa bonde zima la Rufiji, na taarifa yake ikatoka mwaka wa 1961. Taarifa hiyo iliutazama mto kwa macho mawili, jicho la kilimo cha kumwagilia na jicho la umeme, na tangu siku hiyo macho hayo mawili hayajapatana. Upande wa umeme, mitambo ya kwanza ya Kidatu ilianza kazi mwaka wa 1975. Mwaka wa 1980 Kidatu ilikuzwa ikafika megawati 204, na bwawa la Mtera likamalizwa juu yake ili kutunza maji ya masika kwa ajili ya kiangazi. Mwaka wa 1988 Mtera nayo ikapata mitambo yake ya megawati 80. Upande wa kilimo, Wasangu walikuwa na mifereji, na Wabulushi waliohamia Rujewa walilima mpunga wa kumwagilia kabla ya Uhuru. Baadaye yakaja mashamba makubwa ya Serikali, kwanza Mbarali, kisha Kapunga, na pembeni mwa kila shamba kubwa wakulima wadogo wakafuata maji yake. Katika miaka ya mvua nzuri majaruba ya Usangu yalifika kiasi cha hekta elfu arobaini.

Basi ikawa mtambo mmoja umekuzwa pande mbili, kila upande kwa hesabu zake, bila hesabu moja ya kuzikutanisha.

Tuliokuwa shuleni katika miaka ya tisini twakumbuka vibatari vya wakati wa mgawo wa umeme. Mtera ilishuka mno mwaka wa 1992, ikashuka tena katika miaka ya 1994 na 1995. Mwaka wa 1993 Ruaha Mkuu ulikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi, jambo ambalo tangu hapo limejirudia mwaka baada ya mwaka, viboko wakabaki wamesongamana katika madimbwi. Mambo haya mawili, bwawa kupungua na mto kukauka, yalikuja kwa pamoja, na watu wakayafunga katika furushi moja na kulibandika jina la mkosaji mmoja: mkulima wa mpunga wa Usangu, na pamoja naye mfugaji wa Ihefu. Hapo ndipo kilipoingia kielelezo.

Mwaka wa 1996, kwa msaada wa Benki ya Dunia, ulianzishwa mradi wa kusimamia mabonde ya mito na kuboresha umwagiliaji wa wakulima wadogo. Hesabu yake ilikuwa nyepesi na yenye kuvutia. Ilisemekana kwamba katika mifereji ya kienyeji, katika kila sehemu 100 za maji zinazotolewa mtoni, mmea hupata kiasi cha 15 tu, na zilizobaki hupotea. Mifereji ikiboreshwa, mmea ungepata 30. Maana yake nini? Mkulima anayehitaji sehemu 15 kwa ajili ya mpunga wake, ambaye zamani alichukua 100 ili azipate, sasa angechukua 50 tu. Hamsini nyingine zingebaki mtoni, zikashuka Mtera, zikaendesha mitambo. Wakulima wangevuna vile vile, mjini taa zingewaka, na hakuna angenyang'anywa kitu. Nakiri kwamba nilipoisoma hesabu hii kwa mara ya kwanza sikuona kasoro ndani yake.

Wakati huo, mnamo mwaka wa 2003, nilikuwa kijana aliyetoka chuoni karibuni, nami nikapewa kazi ya muda ya kutafsiri kijitabu cha kuwaeleza wanavijiji faida za mabanio mapya. Walionipa kazi hiyo sina haja ya kuwataja. Nilifika kwenye fungu lililoeleza zile sehemu 85, nikaandika: maji yanayopotea. Niliridhika nalo. Ni neno sahili, halina unyambulishaji wa kutatiza, na kila mtu hulifahamu. Kijitabu kilipochapwa niliombwa nikisome mbele ya mkutano wa wakulima katika wilaya ya Mbarali. Nilipomaliza, mzee mmoja aliyeketi karibu na mlango aliinua mkono.

“Shikamoo, mzee,” nikasema.

“Marahaba, mwanangu. Umesoma vizuri, na Kiswahili chako ni kizuri. Lakini hayo maji yanayopotea, yanapotelea wapi?”

Nikaanza kumweleza kwamba ni yale yanayotoka katika jaruba na kwenda zake. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: “Mimi shamba langu liko chini ya la jirani. Maji yakishapotea kwake, ndipo mimi ninapoyapata. Sasa akiacha kuyapoteza, mimi nitalima nini?”

Watu walicheka, na mimi pia nilicheka, maana sikuwa na jibu. Niliondoka pale nikidhani mzee yule amecheza na neno tu, kama wazee wetu wapendavyo. Ilinichukua miaka kadhaa, na kusoma kwingi nje ya fani yangu, nipate kuona kwamba alikuwa ametamka kasoro ya hesabu nzima.

Tumfuate mzee huyo kwa tarakimu. Tuseme jaruba la kwanza lapata sehemu 100 na kutumia 15. Zinazobaki, yaani 85, zateremka kwa jirani, naye atumia asilimia 15 ya hizo, nazo ni karibu 13. Zabaki 72. Jirani wa tatu atumia karibu 11, na wa nne atumia 9 na kitu. Tukijumlisha, majaruba manne yametumia karibu sehemu 48 katika zile 100, ingawa kila mmoja wao, akipimwa peke yake, ataonekana ni mharibifu wa asilimia 15. Na hizo 52 zilizobaki hazikuruka angani zote. Sehemu yake yaingia mtaroni, yarudi mtoni, yaenda Ihefu. Mfano huu ni wangu, na umerahisishwa. Lakini vipimo vya kweli vilivyofanywa katika Usangu katika miaka ile ya mwanzo wa karne, hasa vya mtafiti Machibya, vilionyesha jambo lilo hilo: ukiutazama umwagiliaji kwa ukubwa wa bonde na si kwa jaruba moja moja, kiasi cha maji kilichotumika kwa faida kilikuwa zaidi ya maradufu ya ile 15 iliyoandikwa katika mradi.

Sasa msomaji akumbuke kielelezo cha Buzen. Kinachotoka pahali pamoja huingia pahali pengine. Wahandisi wa mradi walipima mlango mmoja, wakadhani kinachotoka mlangoni hapo kimetoka katika mtambo. Ni sawa na mtu anayepima prosesa, akaona kazi zinaiacha haraka, akaandika kwamba zimepotea, kumbe ziko kwenye diski zikifanywa.

Kisha lilikuwako jambo la mabanio yenyewe. Banio la zamani lilikuwa la miti, mawe na majani. Mafuriko yalikuja yakalibomoa, na wakulima wakalijenga upya. Ilikuwa kazi ya kuchosha, na hapana mtu anayeitamani. Lakini banio lile lilikuwa na tabia moja ambayo haikuandikwa katika hesabu yoyote: lilivuja. Wakati wa kiangazi, maji yalipokuwa machache, sehemu yake ilipenya katikati ya mawe ikawafikia walio chini. Banio la saruji lenye lango la chuma halivuji. Mwenye banio la juu aliweza sasa, akitaka, kuufunga mto wote wa kiangazi na kuuingiza katika mfereji wake. Tena haki za maji zilitolewa kwa kiasi kisichobadilika, lita kadhaa kwa sekunde, na kulipiwa ada. Na mtu aliyelipia kiasi cha masika huona ana haki ya kiasi hicho hicho wakati wa kiangazi, hata ikiwa mto mzima haufiki kiasi hicho. Hapo kale watu walisema zamu. Zamu ni neno la mgawanyo: kilichopo, kiwe kingi kiwe kidogo, chazunguka. Haki iliyoandikwa kwa lita ni neno la umilikaji. Sisemi kwamba zamani zamu zilikwenda bila ugomvi. Majembe yaliinuliwa usiku penye mifereji mingi. Nasema tu kwamba kielelezo kilibadilisha kanuni ya kugawa bila kuihesabu kuwa ni badiliko.

Matokeo yalikuwa kwamba maji yaliyosemekana yangeokolewa hayakushuka Mtera. Walio juu waliyatumia kupanua majaruba na kurefusha msimu, jambo ambalo ni la haki kabisa kwa mkulima aliyepewa mfereji mzuri, na ambalo mtu ye yote aliyepata kuongeza nafasi katika kompyuta ya ofisi angeweza kulitabiri: nafasi ikiongezwa, kazi huja kuijaza.

Na Mtera je? Hapa yafaa tufungue lile furushi. Wachunguzi wa mradi wa Usangu uliofadhiliwa na Uingereza tangu 1998, na baada yao watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine wakishirikiana na wenzao wa nje, waliyatenga mambo mawili ambayo watu waliyafunga pamoja. Kukauka kwa mto wakati wa kiangazi kulitokana hasa na maji yaliyotolewa Usangu wakati huo huo wa kiangazi. Hilo lilikuwa kweli, na ni Hifadhi na vijiji vilivyo kando ya mto vilivyoumia. Lakini bwawa la Mtera halijazwi na maji ya kiangazi. Hujazwa na mafuriko ya masika, na maji ya kiangazi, hata yangefika yote, ni kidogo yakilinganishwa na mita za ujazo milioni elfu tatu na ushei ambazo bwawa hilo laweza kutunza. Nao watafiti wa uhandisi wa maji wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliutia mfumo wa Mtera na Kidatu katika kielelezo cha kompyuta, wakatoa matokeo yao mwaka wa 2003. Walionyesha kwamba ukame na wakulima peke yao hawatoshi kueleza yaliyotokea katika miaka ya mwanzo ya tisini. Namna mabwawa yenyewe yalivyofunguliwa na kufungwa ilikuwa na sehemu kubwa katika jambo hilo. Kwa maneno mengine, mkwamo ulikuwa umetafutwa Mbarali, na sehemu yake kubwa ilikuwa mkononi mwa mwenye ufunguo wa bwawa.

Ningependa kusema kwamba matokeo hayo yalibadili mambo. Yalisomwa, yakajadiliwa katika semina. Mwaka wa 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye alikuwa ameahidi huko London kwamba ifikapo mwaka wa 2010 Ruaha Mkuu ungetiririka mwaka mzima. Ahadi hiyo haikutimia. Mwaka wa 2006 na uliofuata wafugaji waliondolewa Usangu na mifugo yao, wengi wakapelekwa Lindi na Pwani, ingawa uchunguzi ule wa tangu 1998 haukuwa umemwona mfugo kuwa ndiye mnywaji mkubwa wa mto. Mwaka wa 2008 Ihefu iliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mto uliendelea kukauka. Yeyote aliyemwona mtu akiondoka na ng'ombe wake, vyombo vya nyumbani vikiwa juu ya lori, hatasema kwamba kosa la hesabu ni jambo la karatasi.

Lakini katika miaka ile ile ilifanyika kazi nyingine ambayo naihesabu kuwa bora kuliko zote, nayo ilikuwa mchezo. Bruce Lankford, mtafiti kutoka Uingereza, alitengeneza ubao mrefu ulioinamishwa, wenye mfereji mkuu katikati mfano wa mto, na pembeni yake vishimo mfano wa mashamba. Gololi zilimwagwa juu, zikateremka kama maji. Wakulima wa vijiji vya juu na vya chini waliketishwa pamoja kuuzunguka ubao, kila kijiji kikapewa vijiti vya kutega mabanio yake. Mara ya kwanza kila mtu alitega kwa faida yake, na gololi ziliishia juu. Watu wa chini wakabaki na vishimo vitupu. Gololi zikapunguzwa, kuonyesha kiangazi, mambo yakawa mabaya zaidi. Ndipo watu wakaanza kuzungumza: vijiti vipi viondolewe, nani angojee, shamba lipi lisipewe mara hii. Mtafiti hakuhitaji kuwafundisha neno mkwamo. Waliuona kwa macho yao, tena wakauona unahama kila kijiti kilipohamishwa.

Kwa kweli huo ulikuwa kielelezo kamili. Ulikuwa na mzigo unaoingia, vituo vinavyoutumia, na njia ya kile kinachobaki. Wakati huo huo Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzake walitunga programu ya kompyuta ya kusaidia maamuzi katika bonde la Ruaha, nayo ilikuwa kazi ya maana. Hata hivyo ubao wa gololi uliizidi programu kwa jambo moja: mtu aliyeona kielelezo kimemsahau aliweza kuinuka na kusema, “Mfereji wangu hamkuuweka,” na ukawekwa papo hapo kwa kijiti. Katika hesabu ya asilimia 15 mzee wa Mbarali hakuwa na pa kuweka kijiti chake. Alikuwa na swali tu, nami ndiye niliyekuwa mbele yake, na sikujua kwamba nilipaswa kuliandika na kulirudisha kwa walionituma.

Siku hizi Rufiji ina bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya megawati 2,115, ambayo wa kwanza wake ulianza kutoa umeme mwaka wa 2024. Na Ruaha Mkuu ni mmoja wa mito inayolilisha. Mkoani Iringa walima vinyungu, yaani wale wanaolima mabondeni penye unyevu wakati wa kiangazi, wameshutumiwa mara kwa mara kwa makosa yale yale waliyoshutumiwa watu wa Usangu. Wanafunzi wangu wasiotoka huko hudhani kinyungu ni chungu kidogo.

Mwaka jana nililetewa tena taarifa ya umwagiliaji niitafsiri, si ya Usangu bali ya bonde jingine, na humo nikakuta jedwali lenye safu iliyoandikwa kwa Kiingereza neno lile lile. Sikuandika maji yanayopotea. Niliandika maji yanayoendelea chini, nikatia mstari chini ya maneno hayo, na pembeni nikauliza kwa kalamu nyekundu: yanakwenda kwa nani? Taarifa ilirudishwa kwangu baada ya juma moja, ikiwa na ombi la heshima kwamba nitumie neno la kawaida. Bado iko mezani.